Sauti za Jumapili

Wazazi wapya wakiniuliza nani alikuwa akikaa kwenye kile chumba kidogo kinachotazamana na choo cha walimu, nawajibu kwamba alikuwepo mama mmoja, msaidizi wa lugha, alichoka akaacha kazi. Wanaridhika na jibu hilo. Lakini nimefanya kazi na mama yule miaka tisa na sijaona mtu mgumu kuchoka kama yeye. Mimi ni karani wa shule. Daftari la mahudhurio linakaa mezani kwangu, na katika haya nitakayosimulia mkono wangu umo, nipende nisipende.

Watoto walimwita Bi Bando. Jina hilo lilianza mwaka shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa, kwa sababu kila alipopiga simu nyumbani kwa mtoto aliuliza kwanza kama bando la simu lipo, salamu zikafuata baadaye. Mwanzoni alikuwa mfagiaji wetu. Kiingereza chake alikipata jikoni, alikofanya kazi miaka kumi na moja kwa bibi kizee mmoja asiyejua lugha nyingine. Macho ya bibi yalikuwa yakififia, basi yeye akawa anamsomea magazeti kwa sauti, na vibandiko vya chupa za dawa. Ndiyo maana Kiingereza cha Bi Bando kilijaa magonjwa na matangazo ya vifo. Walimu walikicheka pembeni. Mimi pia nilikicheka, sijifanyi malaika.

Shule yetu kila kitu ni kwa Kiingereza, hadi karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa choo. Familia zinazosema lugha yetu zilipoanza kuhamia mtaa huu, wazazi walikuwa wakiingia ofisini wanatoa macho tu. Siku moja Mkuu wa shule alikuwa akimweleza baba mmoja kwamba mwanawe anahitaji miwani. Yule baba akadhani mtoto anafukuzwa, akaenda kumtoa darasani amemshika mkono, mtoto analia. Bi Bando akawazuia kwenye korido kwa ufagio, akamweleza baba, akamrudishia Mkuu majibu, mambo yakaisha. Mwezi uliofuata akapewa cheo cha msaidizi wa lugha pamoja na kile chumba. Mshahara ukabaki ule ule wa ufagio.

Alikuwa mjane. Wanawe wawili wa kiume walikuwa mbali na walimkumbuka sikukuu kwa sikukuu. Mkononi alivaa saa ya marehemu mumewe, kubwa, imelegea, inateleza hadi kwenye kiwiko kila anapoinua mkono. Alikuwa na mdomo. Angeweza kumgombeza mama wa mtu mbele ya mkwe wake kwa sababu mtoto kaja shule bila daftari, na jioni utamkuta kwa mama huyo huyo, wanacheka. Watu walimpenda wakimwogopa kidogo.

Basi shule zikafungwa. Walimu wakabaki kwao, wakawa wanatuma masomo kwa simu, kwa Kiingereza, kwa wazazi wasiojua Kiingereza. Sijui nani aliketi akafikiri kwamba hilo litafanya kazi. Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Babu mmoja alitokea kwenye somo la hesabu la video akiwa na taulo kiunoni, anatafuta sabuni, na watoto ishirini na tano wakamwona. Mama mwingine aliweka simu juu ya kabati ili mwalimu aone chumba ni kisafi. Wiki ya pili hatukucheka tena, maana watoto walianza kupotea mmoja mmoja. Hawajafa wala hawajahama, ila husikii habari zao.

Sisi wawili tuliruhusiwa kuendelea kuja ofisini, madirisha wazi, kila mtu na meza yake. Bi Bando akaketi na orodha ya watoto wake ishirini na sita wanaojifunza Kiingereza, wa miaka sita hadi minane, akasema haya mambo ya video hayatufai. Akabuni yake. Kila mtoto, kila siku ya shule, angesoma sentensi tano alizopewa, mzazi angerekodi na kutuma sauti hiyo kwenye simu ya ofisi kabla ya saa sita mchana. Sauti haili bando jingi. Mzazi hata asiyejua kusoma anaweza kubonyeza. Kila sauti ilianza kwa salamu ambayo watoto waliijua kama jina lao: gudi moning ticha, ai em fain. Bi Bando alisikiliza zote, moja moja, na kwa kila sauti iliyoingia mimi nilitia alama kwenye daftari kwamba mtoto yupo.

Lakini alichokitafuta hasa ni ukimya. Ikifika saa sita na mtoto fulani hajasikika, aliitazama ile saa yake, akapiga simu. Simu isipopokelewa alivaa barakoa akatoka kwa miguu. Kwa njia hiyo alimkuta mtoto aliyeungua mkono kwa maji ya moto, mama yake akimpaka dawa ya meno kwa kuogopa kwenda hospitali ambako hataelewana na mtu. Alimpeleka yeye, akasema yeye, mkono ukapona. Mara nyingine alikuta familia ambayo haijala tangu juzi. Nasema haya ili ieleweke kwamba mtego wake ulikuwa mzuri. Mtoto akikaa kimya, Bi Bando yuko mlangoni kabla ya saa nane.

Kisha Mkuu akaleta sheria yake. Mkuu si mtu mbaya, hapigi kelele, anauliza hali ya mama yako na anasikiliza jibu. Ila anapenda sheria kama wengine wanavyopenda chai. Kulikuwa na watoto wengi wanaosubiri nafasi, akasema, na si haki nafasi ishikwe na mtoto asiyesoma. Atakayekosa siku kumi bila barua ya hospitali, jina lake linafutwa na anayefuata kwenye orodha anaingia. Mimi nilichapa tangazo. Bi Bando akalitafsiri na kulisambaza, akiwa amenuna siku nzima.

Miongoni mwa watoto wake alikuwepo binti wa miaka saba tuliyemwita Chiriku, kwa sababu hakuwa na koma wala nukta. Alipojiunga nasi hakujua neno la Kiingereza, na baada ya miezi minne alikuwa akimsahihisha mlinzi wa getini. Baba yake alikuwa utingo wa lori la mizigo, anaondoka alfajiri ya Jumatatu na kurudi Jumamosi. Mama yake alifua nguo za watu. Walikaa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kamba za nguo zimepita juu kwa juu, ukiingia unainama. Simu kubwa ilikuwa moja, ya baba, na ilisafiri naye kwa sababu tajiri wake alimtumia maelekezo humo. Mama alikuwa na kitochi, kisichoweza kutuma sauti.

Unaona shida ilipo. Sheria ilipotoka, Chiriku alikuwa keshakosa siku tisa.

Mama yake alikuja hadi getini, akasimama nje ya nondo, akamwambia Bi Bando kwamba mtoto huyu akifutwa, yeye hana tena anachokifanya katika mji huu. Alikuwa hajui kusoma. Aliwahi kuniambia kwamba barua zikija anazinusa. Nilidhani ni mzaha nikacheka, naye akacheka, lakini sasa nafikiri alikuwa anasema kweli kwamba hakuwa na lingine la kufanya nazo. Huyu mtoto ndiye angekuja kumsomea dunia. Alilitaka hilo kuliko chakula, na alilisema hivyo hivyo, bila aibu.

Bi Bando akafanya alichofanya. Jumapili ile alikwenda kwao, akasimama mlangoni na barakoa yake, baba yupo, simu ipo, akawaambia watarekodi sauti tano kwa mpigo. Baba ataondoka nazo, na kila asubuhi huko njiani atatuma moja. Chiriku alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aligoma kwanza, akasema lakini leo Jumapili, atasemaje leo Jumatano. Mama akamfinya. Basi akakubali kwa sharti kwamba kwa kila siku abadilishe gauni, ingawa nani angeliona, na kwa vile alikuwa na magauni mawili tu, akawa anayabadilisha yale yale nyuma ya pazia, anatokea, anasalimia, anasoma, anarudi. Baba alishika simu kwa mikono miwili kama kashika kifaranga. Walicheka sana, Bi Bando aliniambia baadaye. Alipoondoka aliwaonya jambo moja, kwamba hili libaki kati yao, ofisini lisifike. Ofisini maana yake ni mimi.

Nani wa kumlaumu? Mimi namlaumu. Na papo hapo najua kwamba ningekuwa mimi, ningefanya vile vile, tena bila kukosa usingizi.

Kwa wiki tano mambo yalikwenda. Sauti ya Chiriku iliingia kila asubuhi kwenye saa tatu, safi, ya haraka, na mimi natia alama. Ningekuwa na masikio ya kusikiliza ningegundua kwamba redio ya jirani nyuma yake ilikuwa ikiendelea na mahubiri yale yale kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Sikugundua. Nilimpenda tu. Kuna siku nilirudia kusikiliza mara mbili kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa na huzuni zangu.

Wiki ya sita, Jumatatu, Chiriku aliamka na homa. Haya niliyajua baadaye, kwa mama yake. Jumanne kichwa kikamuuma hadi akawa hataki mlango ufunguliwe, mwanga unamchoma. Mama akanunua vidonge duka la dawa. Akampigia mumewe, naye huko barabarani akasema ampe dawa, amfunike, Jumamosi atakuwa amefika. Hospitali wakati ule mtu mwenye homa alipelekwa wodi ya peke yake na mama akabaki nje ya geti, na mama huyu asingejua hata kuuliza mwanawe kapelekwa wapi. Alihitaji mtu wa kumsemea. Alimhitaji Bi Bando.

Jumatano saa nne asubuhi simu ya ofisi ilibipu. Nikapiga. Alikuwa mama Chiriku, akaniuliza kwa sauti ndogo kama Bi Bando yupo.

"Katoka, anagawa karatasi za mazoezi," nikamwambia. "Kuna shida, dada?"

Akanyamaza. Nikadhani ni mtandao. Nami, kwa vile nilikuwa nimefurahi siku hiyo, nikamwongezea.

"Chiriku nimemsikia asubuhi hii, kasoma vizuri kweli. Mpaka ile sentensi ya paka hakukosea."

"Ee," akasema. "Hajambo. Mwambie nilitaka kumsalimu tu."

Bi Bando aliporudi nilimpa salamu zake. Akasema vizuri, akaendelea na kazi. Angekosa sauti ya Chiriku siku hiyo angekuwa mlangoni kwao saa saba, hilo naweza kuapa. Lakini sauti ilikuwepo, mtoto kasema yu mzima, na alikuwa na wengine wawili ambao hawajasikika. Yeye mwenyewe ndiye aliyejua kwamba ile ilikuwa sauti ya Jumapili. Alijua, na bado akasahau. Ukisikia sauti ya mtoto kila asubuhi, masikio yanaamini.

Alhamisi ikaingia sauti. Ijumaa ikaingia. Baba alikuwa akizituma kutoka vituo vya mafuta, na kwa akili yake alikuwa akimlinda binti yake. Alihesabu kwamba siku moja ikipotea zinatimia kumi. Mama naye alihesabu hivyo hivyo, huku akimkanda mtoto kwa maji. Aliniambia kwamba baada ya ile simu alijua hawezi tena kusema. Akisema mtoto mgonjwa, karani atauliza nani basi kasoma leo asubuhi.

Jumamosi jioni baba aliingia, akamkuta mtoto shingo imekakamaa, hageuki anapoitwa. Alimbeba mgongoni hadi hospitali.

Bi Bando alifika Jumapili kurekodi wiki mpya, akakuta mlango una kufuli. Jirani akamwambia. Alikwenda hospitali kwa miguu, na ndiye aliyeingia na wazazi mbele ya daktari, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuwasemea. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari alisema mtoto ataishi. Akasema pia kwamba masikio yameharibika, yote mawili, na hayatarudi. Akauliza kwa nini walikaa siku tano. Bi Bando alilitafsiri la kwanza na la pili. La tatu alilijibu mwenyewe kwa Kiingereza, hakuniambia alijibu nini.

Alichoniambia ni kwamba mama hakumwamini. Alimvuta mkono.

"Muulize tena," alisema. "Labda hujamsikia vizuri."

Akamuuliza tena daktari. Daktari akajibu yale yale, taratibu zaidi. Bi Bando akayarudia.

Jumatatu alikuja kazini saa moja na nusu kama kawaida, akaketi, akanisimulia yote kuanzia ile ndoo iliyopinduliwa. Kisha akaniuliza kama ni mimi niliyepokea simu Jumatano. Nikasema ni mimi. Nikamwambia na nilichosema, neno kwa neno, kwa sababu kilikuwa kimeshanirudia kichwani kabla hajamaliza. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, mdomo ule ungenisaidia sana siku hiyo. Aliniangalia tu, akasema, "Wewe hukujua." Mpaka leo sijapata tusi baya kuliko hilo.

Alitaka kwenda kwa Mkuu asubuhi ile ile, aseme kosa ni lake. Baba Chiriku ndiye aliyemzuia. Alikuja getini na nguo zake za safari, macho mekundu, akamwomba.

"Mama, alichobakiwa nacho ni jina lake humo kwenye daftari," alisema. "Ukisema, watazifuta zile siku. Nakuomba usiseme."

Kwa hiyo hakusema. Wala mimi. Barua ya hospitali ilifunika wiki alizolazwa, na zile siku tano za homa zilibaki na alama zangu, tiki tano za wino wa bluu zimekaa sawasawa kwenye mistari yake. Siku za kukosa zilibaki tisa. Nilimwona Bi Bando akipungua. Aliendelea na watoto wengine, lakini ule mpango wa sauti aliuacha siku hiyo hiyo. Akawa anakwenda nyumba kwa nyumba, zote ishirini na sita kwa zamu, anataka amwone mtoto kwa macho, asimame, ageuke, aongee, nami natia alama kwa neno lake. Wazazi wengine walidhani kachanganyikiwa.

Kila jioni aliishia kwa Chiriku, na ubao mdogo na chaki. Mwanzoni mtoto alikuwa akisoma kwa kupiga makelele, hajui sauti yake inatoka vipi, na watoto wa jirani wakawa wanamwiga dirishani. Aliwaona wakicheka. Tangu hapo akashusha sauti, akashusha, hadi ikawa mnong'ono, na siku nyingine midomo inacheza tu. Mtoto ambaye hakuwa na koma wala nukta. Lakini kuandika aliandika. Bi Bando alimchorea kitu, naye anaandika jina lake kwa Kiingereza, anamwangalia usoni kutaka kujua kama kapata. Mtihani wa karatasi ulipotumwa majumbani, alikuwa wa tatu katika darasa zima. Mama yake aliibeba ile karatasi kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe na nguo za watu, na kila aliyemkuta njiani alimwonyesha. Alianza kuamini kwamba mambo yatakwenda. Hata mimi nilianza, na kwa hilo najionea aibu, maana kazi yangu ni kuzijua sheria.

Shule zilifunguliwa mwezi wa tisa. Siku ya kwanza mama na baba walikuja naye, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa upya. Mwalimu wa darasa alimwita jina, Chiriku hakugeuka. Akamwita tena. Kabla ya saa ya mapumziko wazazi waliitwa ofisini, mtoto akaachwa kwenye benchi la nje.

Mkuu alizungumza kwa upole. Nataka hilo niliseme, kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama angefoka. Alisema amesikitika mno. Alisema shule haina mwalimu wa kumfundisha mtoto asiyesikia, kila kitu hapa kinafundishwa kwa mdomo, na Kiingereza chenyewe mtoto bado alikuwa anakianza. Kumweka ni kumtesa. Ipo shule ya wasiosikia, safari ya siku nzima, ya bweni, na foleni yake ni ya miaka miwili, yeye ataandika barua. Nafasi itakwenda kwa mtoto aliyekuwa akisubiri tangu mwaka jana. Kila Mkuu alipotua, Bi Bando alitafsiri. Alisimama katikati, mikono nyuma, na hakupunguza wala kulainisha neno hata moja. Nilitamani apunguze.

Baba aliinama. Mama alimsikiliza Bi Bando hadi mwisho, akanyoosha vidole vyake, vidole vya mfuaji, vimekunjamana, akawa kama anahesabu.

"Mwambie hazikufika kumi," alisema.

Bi Bando hakulitafsiri hilo.

"Mwambie. Tangazo lilisema kumi. Zake hazikufika."

Bi Bando akamgeukia Mkuu akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anasema siku hazikufika kumi. Mkuu alinitazama mimi, na mimi sikuhitaji kulifungua daftari lakini nililifungua, nikapitisha kidole kwenye mstari wa Chiriku, juu ya zile tiki tano, hadi mwisho.

"Ni tisa," nikasema.

Mkuu akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, hongera kwao, wazazi wengi hawakujitahidi hivyo, lakini suala si siku. Bi Bando alilitafsiri na hilo. Kisha akachomoa ufunguo wa kile chumba kutoka kwenye kitita chake, akauweka mezani kwangu, akatoka kabla yao. Hakurudi. Nasikia anauguza wazee upande wa pili wa mji.

Wazazi walitoka taratibu. Niliwaona kupitia mlango ulioachwa wazi. Chiriku alikuwa kwenye benchi, ametupa mgongo, anatazama wenzake wakicheza uwanjani. Baba alimwita jina, kwa mazoea. Ikabidi mama azunguke hadi mbele yake, achuchumae, amshike mashavu, ndipo mtoto ajue kwamba wanaondoka.